Waya Usiofika

Fiacre Lobo aliletwa kutoka mahabusu akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mkanda walikuwa wamemvua, viatu pia, na jino moja la mbele lilikuwa limebaki huko barabarani walikomkamatia. Inspekta Léonie Mave alimwonyesha kiti kwa kidevu. Hakuwa na nguvu ya kunyanyua mkono.

"Umelala?"

"Mama Inspekta, mule hamuna fasi ya kulala. Tunasimama kwa zamu."

Léonie naye hakuwa amelala. Tangu vijiji vya Djugu viungue vitani, nyumba yake ilijaa ndugu. Shangazi na wajukuu wake walilala sebuleni, na mtoto mmoja alikohoa mpaka alfajiri. Nje ya komisaria ya polisi ya Bunia harufu ya matairi yaliyochomwa ilikuwa imeganda hewani. Ilikuwa Jumatatu. Laurent Ukumu, mtafiti wa chuo kikuu, alikutwa amekufa Ijumaa asubuhi kwenye sakafu ya maabara ya timu yake, ambayo wote waliita labo, kando ya friza lenye samaki na matope waliyokusanya kwenye mito ya wachimba dhahabu ili kupima mercure, yaani zebaki. Tangu siku hiyo wanafunzi hawakuingia darasani. Walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao, na jina lililokuwa ndani ya hukumu hiyo ni la huyu mtu aliyeshika suruali.

"Nieleze tena mkutano wa Jumatano," alisema Léonie.

Fiacre alivuta pumzi. "Nimeeleza, mama. Laurent alitundika carte ya mito ku ukuta. Alama nyekundu fasi zote kwenye mercure imeingia mu mayi. Batu bote bakageuka bakaniangalia miye, juu miye njo nauzishaka mercure kule mu migodi ya Mongbwalu. Nikasimama, nikamwambia utajuta. Nilisema vile. Sikatae."

"Na Ijumaa akakutwa amekufa."

"Njo vile."

"Na kulikuwa na termosi ya chai labo. Mji wote unasema uliitia sumu."

"Ningeingiaje? Chuo iko na sentinele wa kulinda ku mulango kubwa." Fiacre aliinama, akajaribu kucheka, akashindwa kwa sababu ya mdomo. "Mama, kisha mkutano, Laurent alinifwata ku parking. Akasema, Fiacre, twende pamoja Mongbwalu, weye bachimbaji banakusikiliza, tubaonyeshe ile chombo ya kukamata moshi ya mercure. Tukapatana. Tulikuwa tunaenda leo. Leo, mama! Siye tulikuwa tunagombana juu tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Miaka yote tunagombana vile."

"Nani aliwasikia mkipatana?"

"Tulikuwa siye babili tu."

"Kwa hiyo shahidi wako ni marehemu."

Fiacre alitazama miguu yake mitupu.

Kamanda alikuwa amempa Léonie mpaka saa za mchana. Baada ya hapo mahabusu angepelekwa gerezani, na kwa kuwa gari la komisaria halikuwa na mafuta, angepelekwa kwa miguu, katikati ya askari wawili, kupitia mzunguko wa barabara walipokuwa wakikusanyika wanafunzi kila mchana. Kamanda alisema jambo hilo huku akisaini karatasi nyingine. Léonie alijua, na kamanda alijua, kwamba Fiacre hangefika.

"Mrudishe," alimwambia askari wa zamu. "Na umpe mkanda wake."

*

Daktari Suzanne alimsubiri kwenye veranda ya mochwari, amevua glavu moja.

"Umekawia, Léonie. Nakupigia simu tangu siku ya posho, Jumamosi ile."

"Nyumbani tuko wengi, simu tunachaji kwa zamu. Sema."

"Njoo uone mwenyewe."

Alifunua shuka mpaka kifuani. Laurent alikuwa kijana bado, ndevu chache, na uso wa mtu aliyeduwaa kidogo. Léonie alikuwa ameona maiti wengi mno katika miaka hii ya Ituri, akajua mara moja kwamba kuna kitu hakiko sawa. Hakuona jeraha wala mchubuko. Lakini ngozi ya mgongo na ya shingo, pale damu inapotulia mtu akifa, haikuwa na weusi wa kawaida. Ilikuwa nyekundu, nyekundu karibu ya kupendeza, kama ya mtu aliyetoka kukimbia.

"Sumu ya chai ingemtapisha," alisema Suzanne. "Hakutapika. Ile chai hata hakuimaliza. Unakumbuka ile famille ya kambi, wakati wa mvua? Balifunga bâche ya hema, bakaacha mbabula ya makaa inawaka ndani?"

"Nilikuwa pale. Nilibeba mtoto mmoja."

"Ngozi yao ilikuwa na rangi gani?"

Léonie aliinama tena juu ya mwili. Akakumbuka yule mtoto, mashavu yake mekundu, mpaka Léonie akadhani bado amelala.

"Moshi," alisema.

"Hata moshi wenyewe hauonekani. Makaa, au injini. Mtu anasikia kichwa kizito, anafikiri ni uchovu, anakaa chini kidogo. Kisha basi."

"Alikufa saa ngapi?"

Suzanne alirudisha shuka polepole. "Hapo usiniapishe. Alifika hapa asubuhi, bâche ya gari la profesa wake juu yake. Mikono ilikuwa baridi. Lakini nilipoweka mkono chini ya kwapa, kulikuwa na joto bado. Kama ungeniuliza nje ya karatasi, ningesema alikufa karibu na asubuhi kuliko usiku."

"Karibu kiasi gani?"

"Nimekuambia usiniapishe."

Léonie alishukuru, akatoka, akasimama kidogo kwenye mwanga akitafuta pikipiki ya kumpeleka chuoni. Makaa hayakuwemo katika ile labo. Aliikagua Ijumaa, akaona meza, hadubini, chupa, friza. Injini aliiona pia. Ilikuwa nje, nyuma ya ukuta, mahali pake panapostahili, na ndiyo maana hakuitazama mara mbili. Alijilaumu kwa hilo pikipiki ikiruka mashimo, lakini bila hasira. Hasira nayo inataka nguvu.

*

Labo ilikuwa nyumba ndogo ya matofali pembeni ya uwanja wa chuo, yenye chumba kimoja kikubwa na stoo. Ketsia, msichana wa shahada ya uzamivu aliyekuwa akifanya utafiti pamoja na marehemu, ndiye aliyekuwa na ufunguo sasa. Alifungua mlango, akasimama kando, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Pole, mwanangu," alisema Léonie.

"Aksanti, mama."

"Mulikuwa watu wangapi katika kazi hii?"

"Siye batatu. Prof Isidore njo promoteur wetu, anatuongoza, anasoma kazi yetu, anasaini. Yaya Laurent, kaka yangu mukubwa mu kazi, alikuwa anashika bya mayi na matope. Miye nashika bya samaki. Hakuna mutu anaweza kumaliza bila mwingine, juu kama mayi haiko na mercure, samaki nayo inatoa wapi?" Aliongea haraka, kama mtu aliyepata hatimaye swali analolipenda. "Na kulikuwa na comité ya bachimbaji. Bale njo banatupeleka mu migodi. Zamani balikuwa banatufukuza na mapanga. Yaya Laurent alitumika sana mpaka bakakubali."

"Na sasa?"

"Sasa nani atakubali? Tumefunga mutu wao."

Léonie aliliweka neno hilo akilini bila kuligusa: tumefunga. Akazunguka nyumba.

Jenereta ilikaa chini ya kibanda cha bati, juu ya majani. Haikuwa kubwa, watu wawili wangeibeba. Léonie alichuchumaa, magoti yakalia. Akaisukuma kidogo upande, akatazama chini. Majani yalikuwa yamelala, lakini yalikuwa mabichi, kijani kabisa. Injini ikikaa mahali miezi, hudondosha mafuta, huunguza, na chini yake hubaki udongo mweusi. Hapa hata mdudu alikuwa anatembea kwa raha.

"Grupu hii huwa inakaa hapa?" aliuliza.

"Inakaa hapo, mama," alijibu Ketsia kutoka kona ya ukuta. Hakusogea.

Léonie aliinuka, akapanguza mikono, akaingia ndani tena na kwenda moja kwa moja stoo. Chumba kilikuwa chembamba, na mlango wake ulifunguka kuelekea labo. Katikati ya sakafu maboksi ya chupa tupu yalikuwa yamepangwa vizuri, kupita kiasi, katika stoo ambamo kila kitu kingine kimetupwa tu. Akayaondoa moja baada ya jingine. Chini yake saruji ilikuwa na doa la mafuta, la zamani na jipya juu ya la zamani. Akainua macho. Kwenye dari, juu ya doa, mbao zilikuwa zimeshika masizi.

Akarudi penye friza. Umeme wa mji ulikuwa umerudi Jumamosi, na friza lilikuwa linanguruma kwa utulivu. Nyuma yake kulilala waya mweusi wa kurefushia, umepita ndani ya tundu la ukuta kuingia stoo.

"Alhamisi usiku umeme haukuwako," alisema Léonie.

"Haukuwako. Mvua ilianguka sana, courant ikakatika mji muzima. Yaya Laurent akasema atalala hapa kuchunga sampuli. Zilikuwa zinapaswa kupanda ndege siku ya posho, kwenda kupimwa inje. Zikiyeyuka, kazi ya miaka yote inakufa."

"Kwa hiyo friza lilitumia grupu."

"Ndiyo, mama."

"Niunganishie, nione."

Ketsia alimtazama.

"Grupu iko nje mahali pake, friza liko hapa, waya huu hapa. Chukua waya, uunganishe kama ulivyokuwa usiku ule."

Msichana alitoa mikono mifukoni. Akauvuta waya kutoka kwenye tundu, akaupitisha dirishani, akatoka nje. Léonie alibaki ndani akitazama waya ukinyooka juu ya meza, ukikaza, ukitetemeka, kisha ukasimama. Hakuhitaji kutoka kuona. Hata hivyo alitoka. Ketsia alisimama kwenye majani na kichwa cha waya mkononi, na kati ya mkono wake na jenereta palibaki nafasi ambayo mtu mzima angeweza kulala.

"Kulikuwa na waya mwingine," alisema Ketsia.

"Uko wapi?"

"Sijue. Labda baliiba."

"Waliiba waya, wakaacha grupu?"

Upande wa pili wa majengo wanafunzi walikuwa wakiimba nyimbo za matanga na za maandamano kwa pamoja, moja ikiingia ndani ya nyingine. Léonie aliketi kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa amechoka kiasi kwamba sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na labda hicho ndicho kilichomvunja msichana.

"Ketsia, Laurent hakuuawa na sumu. Daktari ameona. Ameuawa na moshi wa ile injini, na injini ilikuwa stoo. Mimi nimeona doa, nimeona masizi, nimeona waya. Kitu kimoja tu sijui: nani aliitoa nje. Sentinele ni mzee, mgongo wake mbovu. Mtu mmoja haibebi. Fiacre atatembezwa mbele ya hao wanaoimba mchana huu. Unawasikia?"

Ketsia alikaa chini pale pale kwenye majani, waya mapajani.

"Prof alinipigia simu asubuhi sana," alisema. "Jua lilikuwa linatoka. Akasema kuya mbio, Laurent amekufa. Nikakuya. Mulango ilikuwa wazi, harufu ya essence mingi. Grupu ilikuwa imenyamaza, mafuta iliisha. Yaya Laurent alikuwa amelala chini, kando ya friza, koti yake chini ya kichwa. Nikapiga kelele. Prof akanishika mukono, akasema, Ketsia, nisaidie kwanza na hii grupu."

"Kwanza."

"Alisema kwanza. Tukaibeba. Akapanga maboksi. Akasema bazungu ba projet, bale banatulipia, bakijua injini ilikuwa mu nyumba, banafunga kila kitu, na kazi ya Laurent inazikwa na yeye. Akasema, tunafanya hii kwa ajili yake." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Halafu akaita sentinele, njo bakabeba mwili."

"Nani aliweka grupu stoo?"

"Prof. Bezi balikuwa bameiba grupu ya faculté ingine, kwa hiyo Prof akasema yetu ilale ndani. Yaya Laurent alikataa. Alisema ni mubaya, itatuua. Prof akasema muache mulango wazi. Lakini ile usiku mvua ilikuwa inaingia, Yaya Laurent alifunga."

"Na ulipomwona, alikuwa anapumua?"

Msichana aliinua uso. Inaonekana hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, ila yeye mwenyewe.

"Prof alisema amekufa," alisema. "Miye sikumugusa. Mama, mi sikumugusa."

Léonie alingoja mpaka kilio kipungue.

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Mama, bila saini ya Prof miye si kitu. Baba aliuzisha shamba, miaka yote nasoma. Nikisema, nani atanichukua? Hapa kila promoteur ni rafiki ya mwingine." Akauzungusha waya mapajani. "Lakini ile neno ya Fiacre na sumu, si miye. Prof njo alisema. Miye nilinyamaza tu."

"Simama," alisema Léonie. "Twende kwake."

*

Profesa Isidore Adrupiako alikuwa ofisini, suti nyeusi ya matanga, kitambaa cheupe mfukoni. Mlima wa tasnifu za wanafunzi ulimfunika nusu. Alisimama kwa adabu alipoona inspekta. Alipomwona Ketsia nyuma yake, akaketi.

"Madame l'inspecteur, mmemhamisha yule mtu?"

"Bado. Nimekuja juu ya grupu."

Alikuwa mtu mwenye akili, hakupoteza muda wa mtu. Alivua miwani, akaifuta, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Ketsia amesema," alisema.

"Waya ulisema kwanza. Haufiki."

"Waya." Profesa alitikisa kichwa. "Miaka mingi naandika kwamba data hazidanganyi."

Léonie alivuta kiti bila kukaribishwa. Miguu ilimwaka. "Prof, injini ndani ya nyumba ni kosa, sheria ina jina lake. Lakini mtu anaweza kukosea, na wewe hukutaka Laurent afe. Nieleze juu ya Fiacre."

"Yule anauza sumu ile tunayoikuta ndani ya maziwa ya wamama." Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kitabu, cha mtu aliyehubiri sana. "Mito yote ile, madame, wachimbaji, wavuvi mpaka ziwani. Nilifikiri, akikaa ndani wiki moja, haki haitalia. Utafiti ungeendelea. Kuna vijana wangapi wanaomaliza masomo yao juu ya sampuli zile? Nilipima hasara na faida."

"Laurent alikuwa anaenda Mongbwalu na huyo Fiacre leo hii. Walikuwa wamepatana kuwafundisha wachimbaji kukamata moshi wa zebaki."

Profesa alisita. "Hakuniambia."

"Alikuwa na wakati wa kukuambia?"

Nyimbo zilikaribia. Wanafunzi walikuwa wameingia uwanja wa utawala. Ketsia alisimama karibu na ukuta, kama mtu anayesubiri matokeo.

"Swali la mwisho," alisema Léonie. "Ulipofungua mlango asubuhi ile, ulimgusa?"

"Alikuwa amekufa."

"Ulimgusa, Prof?"

"Nilimwona kutoka mlangoni. Rangi yake... hapana, alikuwa amelala tu. Nilifungua dirisha. Nikampigia Ketsia."

"Ulingoja Ketsia afike. Mkabeba grupu. Ukapanga maboksi. Ndipo ukaita watu. Daktari anasema alifika hospitali na joto kwapani."

Profesa Isidore aliweka miwani mezani. Aliiweka vibaya, ikaanguka, naye hakuiokota. Léonie aliona jambo hilo likimfikia, polepole. Hakulijua kabla, au alilijua na kulifunika kama doa la stoo.

"Anasema alikuwa hai?" aliuliza hatimaye, na sauti haikuwa ya mimbari tena.

"Anasema hajui. Hata mimi sijui. Hakuna atakayejua, kwa sababu aliyekuwa pale hakuinama."

Ketsia aligeuza uso kwenye ukuta.

Léonie alikuwa na pingu kiunoni, lakini hakuzitoa. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa kamanda ukiuliza kama mahabusu yuko tayari. Akajibu kwamba mwenye kosa si Fiacre, na kwamba asitolewe nje kwa namna yoyote mpaka yeye arudi. Halafu akasimama.

"Wako nje," alisema. "Mimi nikiwaambia, hawataamini. Watasema polisi wamenunuliwa na watu wa dhahabu, na Fiacre atakufa leo au kesho. Wewe watakuamini. Utatoka, utasema, kisha utakuja na mimi."

"Na kama sitaki?"

"Utakuja na mimi hata hivyo. Lakini kwanza nitawaambia mimi, na Ketsia atasimama kando yangu."

Profesa alimtazama mwanafunzi wake. Ketsia aliitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Walitoka pamoja kwenye veranda. Walipomwona profesa, wanafunzi waliacha kuimba, wakapiga makofi. Wengine walivua kofia. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki walichomletea, aliketi mwanamke mnene wa makamo aliyejifunga kitenge cheusi, mavumbi ya safari ya Mahagi bado kwenye viatu vyake. Alikuwa mama wa Laurent. Alifika asubuhi hiyo kwa lori, na wanafunzi walimleta hapa ili aone jinsi mwanawe alivyopendwa.

Profesa Isidore alishika ukingo wa veranda. Alianza kwa Kifaransa, kile kizuri alichofundishia. Alizungumza juu ya msiba wa sayansi, juu ya mazingira magumu ya utafiti, akafika kwenye hitilafu ya kiufundi iliyotokea katika labo, ambayo haikuhusiana na mtu aliyekamatwa, hitilafu ambayo uongozi wa timu, kwa huzuni kubwa, haukuweza kuizuia. Wanafunzi walitazamana. Mama wa Laurent alikuwa akitabasamu kidogo kwa heshima, akiitikia kwa kichwa, kwa sababu aliona mkubwa anamsemea mwanawe vizuri.

Léonie alitaka kuingilia. Ketsia akamtangulia.

"Prof," alisema Ketsia. Sauti yake ilikatika, akaianza upya. "Prof, sema Kiswahili. Mama ya Laurent iko hapa."

Profesa alimtazama msichana, kisha akamtazama yule mama kwenye kiti. Mikono yake iliachia ukingo. Akashuka ngazi, moja moja, mpaka akasimama mbele ya kiti, na Léonie akashuka nyuma yake.

"Mama," alisema profesa, na sasa alisema kama wanavyosema watu wa Bunia kwao nyumbani. "Fiacre hakuua mutoto wako. Ni miye niliweka ile injini mu nyumba alikuwa analala. Asubuhi nilimukuta chini. Nikatosha injini inje kwanza. Njo kisha nikaita batu."

Mama yule hakulia. Aliendelea kumtazama, akingoja, kama mtu anayedhani bado kuna neno moja lililobaki.